Kotmiri Mliiosha kwa Maji Gani?

Tulifuturu watu kumi na wanne siku moja ya Ramadhani, nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, na kabla ya adhana ya alfajiri saba kati yetu walikuwa hawatoki chooni. Mmoja wao ni baba. Ni mzee wa miaka sabini na mbili, ana sukari na presha, na chakula kilichomlaza nilikitengeneza mimi kwa mikono yangu, kwa ajili yake, kwa nia ya kumwepusha na maradhi. Nimekaa na habari hii muda mrefu. Naiandika kwa sababu bakuli la chakula kama kile sasa naliona katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, harusini na kwenye futari, na kila nikiliona natamani kumwuliza mwenyewe swali nililoulizwa mimi nikiwa nimeshachelewa.

Kwetu kitafunio hakiliwi kikavu. Viazi karai vina chatini yake ya ukwaju, bhajia zina ya nazi, mishikaki ina pilipili ya kusaga, na biriani bila kachumbari ni kama haijaiva. Lakini miaka hii mayonezi na tomato sosi zimeingia kila nyumba, na baba alizipenda mno. Hata sambusa alichovya. Daktari wake alipomwambia apunguze chumvi na mafuta, alipunguza nyama, akapunguza wali, mayonezi akaiacha pale pale. Kijiko kikubwa kimoja cha mayonezi kina takriban kalori 90, karibu zote za mafuta. Chumvi iliyomo ndani ya sosi za chupa nayo haionekani, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyake vyote. Nikawa natafuta kitu cha kuiondoa mayonezi mezani bila ugomvi na mzee.

Kilichokuja ni kefiri. Binamu yangu afanyaye kazi Muscat alirudi likizo na kichupa cha jamu, ndani mna punje nyeupe mfano wa vishada vya koliflawa, laini ukizibonyeza, zanuka unga uliochachuka. Punje hizo si mbegu. Ni bakteria na hamira walioshikamana wakajijengea nyumba moja, na asili yake ni Milima ya Kaukazi, baina ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Ukizitia kwenye maziwa hula sukari yake, hutoa asidi na gesi kidogo, na maziwa hushikana. Jambo hilo halikuwa geni kwetu hata kidogo. Sote tumekulia maziwa lala. Wakalenjin wana mursik yao ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, Wasomali wana susa ya maziwa ya ngamia, na majirani zetu Mabohora hawali biriani bila mtindi wa nanaa na jira. Kefiri ilikuwa mgeni aliyekuta ndugu zake wamekaa tayari.

Nilijifunza upesi kwamba vipimo vya watu wa nchi za baridi havitufai. Wao huacha maziwa saa ishirini na nne, katika joto la nyuzi 20 hadi 25. Jikoni kwetu mwezi wa Machi mchana hupita nyuzi 30, na saa kumi na mbili zatosha na kuzidi. Nikisahau, maziwa hukatika, mabonge yakaelea juu na maji ya manjano yakabaki chini. Kwa hivyo nilitia usiku nikachuja alfajiri. Vikombe viwili vya maziwa yaliyochemshwa yakapoa kabisa, kijiko kikubwa kimoja cha punje, chupa ya glasi isiyojazwa hadi juu kwa ajili ya gesi, kitambaa safi mdomoni. Asubuhi punje zarudi kwenye maziwa mapya, na kefiri naifunga katika kitambaa cha melimeli, naitundika ndani ya friji juu ya bakuli. Jioni nakuta kitu kizito, cheupe kama malai, kinachosimama juu ya kijiko.

Humo nilitia thomu iliyopondwa, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, ndimu, pilipili mbichi, na chumvi kwa ncha za vidole. Baba alichovya kiazi, akanyamaza, akachovya tena. Mwezi ule uliisha chupa ya mayonezi imo ndani ya friji haijaguswa. Kijiko kikubwa cha kefiri kina kalori chache sana kuliko cha mayonezi. Na yale maji yaliyodondoka kitambaani sikuyamwaga, niliyakandia unga wa mandazi. Nilizidi kubuni: ya nanaa kwa mishikaki, ya tango kwa samaki wa kuchoma, nyepesi yenye ndimu na pilipili manga ya kumwagia saladi badala ya mafuta. Presha ya baba ilianza kushuka. Sisemi ni kefiri peke yake iliyoishusha, kwa maana alikuwa pia akitembea kila jioni hadi Mama Ngina, kando ya bahari, na kurudi, lakini furaha niliyokuwa nayo sitaificha.

Furaha hiyo ndiyo iliyonilevya. Nilisoma habari za Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, ambaye aliwashawishi Wazungu wa zama zake kwamba bakteria wa maziwa yaliyochachuka humsaidia mtu kuzeeka salama. Nikasoma kwamba asidi ya kefiri huwazuia vijidudu waharibifu. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Mimi nikayafanya hirizi. Nikawa nakiona chakula kile kama kinachojilinda chenyewe, kwa kuwa ni hai, kwa kuwa ni cha afya, na nikaanza kukilinda kidogo kuliko nilivyoulinda mchuzi wa samaki wa kawaida. Kosa langu lilianza hapo, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe.

Siku yenyewe mifereji ilikuwa kavu kwa siku ya tatu. Mkaazi wa kisiwa hiki hahitaji kuelezwa. Wenye mikokoteni walikuwa wakipita Ndia Kuu na mitungi yao ya lita ishirini, wakigombaniwa, na mitungi miwili niliyoipata asubuhi iliishia kwenye wali, sharubati na chai ya daku. Nilikuwa nimetoka Marikiti na mafungu manne ya kotmiri, bado yana udongo kwenye mizizi, na matango sita. Wageni waja. Uani kwetu kuna kisima cha zamani, kama kilivyo katika nyumba na misikiti mingi ya Mji wa Kale. Maji yake hutumika kuoshea sakafu, kufulia, na kuogea wasiochagua. Nikateka ndoo moja. Yalikuwa maangavu, hayana harufu, yana ule uchumvi wake mdogo tu.

Nikaiosha kotmiri mara tatu, nikaikatakata, nikaitia kwenye blenda na thomu na pilipili na tango lenye maganda. Haikuzunguka, ilikuwa nzito. Nikaongeza kikombe kimoja cha maji yale yale ya ndoo ili ilainike. Kisha nikaichanganya na kefiri. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Akainua uso.

"Mwanangu, hayo si maji ya kisima hayo?"

"Ni kuoshea tu, shangazi, na kidogo ya kusagia. Maziwa haya yaua vijidudu. Usitie wasiwasi."

Akaniangalia kidogo. "Haya, nyinyi ndio mliosoma," akasema, akarudi kwenye nazi yake. Hakusema kwa kunibeza. Aliniamini, na jioni alikula chatini ile kwa mkate wa mofa, akaugua pamoja nasi. Katika mambo yote ya siku ile hili ndilo linalonichoma zaidi.

Ilikuwa saa tisa. Friji ilikuwa imejaa majagi ya sharubati, kwa hivyo nikaliacha bakuli la kijani mezani likiwa limefunikwa kawa. Bakuli la pili, kefiri tupu yenye asali niliyowawekea watoto kwa sababu ile nyingine ilikuwa kali, lilikuwa dogo, likapata nafasi ndani ya friji. Tukafuturu saa kumi na mbili na nusu. Baada ya tarawehe watu wakarudi mezani, wakamalizia viazi, wakalifuta bakuli kwa mkate. Saa tatu za usiku. Saa sita nzima lilikuwa limekaa katika joto la Mombasa.

Usiku sitauelezea sana. Tumbo la kukata, kutapika, kuharisha maji matupu, watu saba na vyoo viwili. Tulichanganya maji ya kurudishia mwili kama tulivyofunzwa: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu visifanye kilima. Tukanywa kwa mafunda madogo madogo. Vijana wakaanza kushika nguvu. Baba hakushika. Ilipofika saa moja ya asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani, na nilipomfinya ngozi ya mkono ilibaki imesimama kama kitambaa. Alikuwa hajakojoa tangu usiku wa manane. Tukampakia kwenye tuktuk tukamkimbiza hospitali, wakamtundika maji ya mshipa, wakamsimamishia baadhi ya dawa zake za presha hadi mwili upate maji. Alilala huko siku tatu.

Siku ya pili alikuja mhudumu wa afya, mama wa makamo, mpole, na daftari. Alitaka kujua tumekula nini. Nikamwambia kila kitu, na nilipofika kwenye chatini nikaharakisha kusema kwamba hiyo haiwezi kuwa ndiyo, kwa kuwa ni kefiri, maziwa yaliyochemshwa, na ina bakteria wazuri. Hakubishana nami. Aliuliza nani aliyekula bakuli la kijani na nani hakula. Nikahesabu kwa vidole. Watoto watano walikula lile jeupe tu: wazima. Wifi yangu hapendi kotmiri: mzima. Mume wangu alichelewa akakuta bakuli limefutwa: mzima. Saba waliobaki, mimi nikiwamo, tulichovya sote. Kefiri ilikuwa moja, chupa moja, asubuhi moja. Akaandika, kisha akainua kichwa.

"Kotmiri mliiosha kwa maji gani?"

Nilipojibu nilijua. Alichonieleza baadaye, akiwa amesimama koridoni, nimekirudia kwa watu wengi. Asidi ya maziwa huzuia vijidudu vingi visizaliane, na baadhi hufa, lakini hufa taratibu, kwa saa nyingi na pengine siku. Aina fulani za E. coli huvumilia uchachu vizuri kabisa. Na uchachu wenyewe nilikuwa nimeupunguza: tango ni maji, kotmiri ni maji, na kikombe changu cha kisima juu yake. Kilichokuwa kefiri kali asubuhi, saa tisa kilikuwa kefiri iliyozimuliwa. Kisha nikakipa joto na muda. Shirika la Afya Duniani husema chakula kinachoharibika kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kikiwa ndani kiwe chini ya nyuzi 5. Changu kilikaa sita. Maziwa niliyachemsha kwa uangalifu wote, akasema, lakini kila nilichokitia baada ya hapo kiliingia kibichi, na hakuna moto uliokipitia tena.

Kuhusu kisima hakunieleza jambo jipya, ndipo aibu ilipokuwa. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye matundu na nyufa, na maji hupita ndani yake kama yapitavyo katika sifongo. Visima vyetu na mashimo ya vyoo vyetu vimechimbwa katika mwamba huo huo, hatua chache baina yao, na sehemu kubwa ya nyumba za Mombasa hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Uangavu wa maji ya kisima ni kazi ya mwamba kuchuja mchanga. Kijidudu ni kidogo mno kuzuiwa na tundu la tumbawe. Wazee walilijua hili bila darubini. Bibi yangu alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, alioufukiza kwa ubani, una kata yake na kifuniko chake, na mtoto aliyechota kwa kata ya bafuni alichapwa. Maji ya kunywa na maji ya kisima hayakukutana. Kipindupindu kimeingia mji huu zaidi ya mara moja, na walioona hawakusahau. Nilizaliwa katika nyumba yenye kanuni hiyo, nikaivunja mchana mmoja kwa sababu nilikuwa na chupa ya kitu cha afya.

Nikirudi kuyatazama, hata wale wenye maziwa ya jadi hawakuwahi kuyaachia maziwa yajilinde. Mwulize mama wa Kikalenjin kuhusu mursik, atakueleza zaidi habari za kibuyu kuliko za maziwa: kinavyosuguliwa, kinavyokaushwa, mti gani unaochomwa kupata mkaa wake. Utaalamu wote umo katika usafi wa chombo na subira. Sisi tulionunua au kupewa punje zenye sifa kubwa tumepokea uchachu tukauacha ule ulinzi.

Baba alirudi nyumbani, amepungua. Jambo la kwanza aliloomba kula, baada ya uji, lilikuwa kiazi na chatini yake. Nililia jikoni. Sikuweza kuitengeneza wiki tatu. Nilipoanza tena nilianza upya na maji. Kuna mtungi mmoja mweupe ambao hauguswi ila kwa upishi wa vitu vibichi, na maji yake yamechemshwa hadi yakatokota kwa nguvu dakika nzima. Kotmiri naikata mizizi kwanza, kwa kuwa udongo hukaa hapo, naiosha, kisha naizamisha katika maji yanayochemka kwa muda wa kuhesabu kumi na kuitoa kwenye maji baridi yaliyochemshwa. Haipotezi rangi, huzidi kuwa kijani. Harufu hupungua kidogo, naifidia kwa ndimu. Tango namenya, natoa mbegu, nalitia chumvi kidogo, nalikamua kwa mkono uliooshwa kwa sabuni, ili lisiizimue kefiri. Ikiwa nzito, nailainisha kwa maji yake yenyewe yaliyodondoka kitambaani, ambayo ni machachu kama yenyewe. Nashangaa hadi leo kwamba siku ile yalikuwamo ndani ya friji, kwenye jagi, na mimi nikaenda kisimani.

Chatini sasa hutengenezwa mwisho, karibu na adhana, nayo hutolewa kwa vibakuli vidogo, nyingine ikibaki kwenye baridi. Sharubati ndiyo itakayotafuta pahala pengine. Kilichobaki mezani baada ya tarawehe hakirudishwi, na kilicho ndani ya friji hakivuki siku ya tatu. Stima zikipotea usiku kucha, chatini yenye majani na matango humwagwa. Inaniuma kumwaga chakula, hasa Ramadhani, lakini naimwaga.

Shangazi ana miaka themanini sasa na bado hukuna nazi kwenye kibao kile kile. Nilimwomba radhi, akasema yamepita. Lakini nilimwomba pia jambo moja, nami nakuomba wewe msomaji ulifanye nyumbani kwako kabla ya futari ijayo: mzee akikuuliza maji hayo ni ya wapi, liweke bakuli chini, ukayamwage.